Kapiga dawa jioni, nyuki wangu wakafa asubuhi

Hili jambo nimekaa nalo tangu mwezi wa saba na bado linaniuma, ngoja niliandike. Mizinga yangu iko Njombe, na huku kwetu kipindi cha kipupwe usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi ukipita kwenye majani suruali inalowa mpaka magotini kwa umande. Jirani yangu ana maharage kwenye vinyungu, yaani vishamba vya kule bondeni, tulishakubaliana akipiga dawa apige jioni nyuki wakisharudi, na kweli akafanya hivyohivyo, simlaumu hata kidogo. Kesho yake saa nne naenda kwenye mizinga, chini pamejaa nyuki, wengine washakufa, wengine wamelala chali miguu inatetemeka na ulimi umetoka nje.

Nikadhani labda ni baridi tu. Nikawaokota kama ishirini nikawaweka kwenye kopo, nikalisogeza karibu na jiko la mkaa, baada ya muda kuna walioinuka wakaanza kutembea, nikafurahi kweli. Nikalitoa kopo nje, haikupita muda wakaanguka tena, miguu ileile inatetemeka.

Hapo ndo nikaanza kusoma. Dawa aliyopiga ni ya jamii ya pairethroidi, yaani hizi saipamethrini na ndugu zake ambazo kila duka la pembejeo zipo. Zinashika vile vimilango vidogo kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu visifunge, mshipa unabaki unapiga tu bila kupumzika, na kukiwa na baridi vinachelewa zaidi kufunga. Kwa hiyo kipimo kilekile kinamuumiza mdudu zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto! DDT nayo ni hivyohivyo. Zile za organofosfeti kwa kawaida ni kinyume, zenyewe ukali unapanda na joto.

Halafu kuna hili lililonisikitisha zaidi, nyuki ili aruke kwenye baridi lazima kwanza atetemeshe misuli ya kifuani apate moto, na pairethroidi inaweza kumharibia hiyo kazi ya kujipasha, sasa fikiria yuko juu ya ua la baridi, hawezi kupata moto, hawezi kurudi mzingani ambako kwenye majana (watoto wa nyuki) kuna nyuzi kama 35 zingemsaidia. Na dawa yenyewe usiku wa baridi haiishi haraka, inabaki kwenye jani, umande unailowesha upya, nyuki anaikuta asubuhi mbichi kabisa.

Kwa hiyo ule ushauri wa "piga jioni" ni mzuri ila hautoshi, inabidi uangalie na usiku wenyewe utakuwaje. Sehemu za joto kama Singida au Dodoma shida inakuja kivingine, siku ya joto kali nyuki wanaanza kazi alfajiri na wanachelewa kurudi, saa kumi na moja jioni mtu anapiga dawa alizeti akidhani wamelala kumbe bado wako kwenye maua.

Sasa hivi jirani ananipigia simu siku moja kabla, na tunasubiri usiku usio na baridi kali. Ikishindikana kabisa naziba milango ya mizinga kwa wavu mpaka umande ukauke, kama saa nne hivi, kisha nafungua. Ila wa maeneo ya joto msiige hili la kuziba mchana, mzinga ukikosa hewa jua likiwaka nyuki wanakufa kwa joto na nta inaporomoka.