Siku moja maishani mwangu: leo nimeshinda na gurudumu la nyuma

Saa 1 asubuhi. Sijatoa hata spana, jamaa kashafika anasukuma pikipiki. Ananiambia, fundi, breki ya nyuma naikanyaga mpaka chini haishiki, na ile nati ya kurekebishia nimekaza mpaka uzi umeisha. Nikakanyaga pedeli huku naangalia mshale pale kwenye dramu, lile bakuli la chuma la breki katikati ya gurudumu, umepita alama ya mwisho kabisa. Hapo hamna cha kukaza tena, shuu, vile vipande vya ndani vinavyosugua dramu, zimeisha, gurudumu linashuka.

Saa 2. Dabo stendi juu ya ubao, tairi la mbele nimelikinga na jiwe. Dogo ninayemfundisha anakimbilia nati ya ekseli, nikamwambia tulia, anza na fimbo ya breki, ukishaichomoa rudishia springi na nati palepale kwenye fimbo maana vikidondoka utavitafuta mpaka jioni. Alafu kile chuma kinachoizuia sahani ya breki, ile inayobeba shuu, isizunguke, toa pini, toa boliti. Ndo tukalegeza vikaza cheni, mizunguko sawa pande zote, tukasukuma gurudumu mbele cheni ikatoka kwenye sproketi, lile gurudumu la meno, ekseli ikagongwa polepole na nyundo ya mpira. Busha, vile vibomba vifupi vya kwenye ekseli, nimezipanga chini kulia na kushoto kama zilivyotoka.

Saa 3 na nusu. Sahani nje, vumbi jeusi limejaa. Dogo akainama apulize, nikampigia kelele, na sijutii. Shuu za zamani nyingi zilikuwa na asbestosi, ile inaua mapafu taratibu, na hata hizi zisizo nayo vumbi lake sio la kuvuta. Kitambaa chenye maji, futa, basi.

Saa 5. Shuu zimelika zimebaki kama karatasi lakini na kemu, kile chuma kinachotanua shuu, nayo imeshika kutu, yaani hata angeweka shuu mpya breki ingebana isiachie. Nikapiga msasa, grisi kidogo sana kwenye kemu na kwenye pini ya shuu, kidogo kweli maana ikifika kwenye shuu zenyewe umeharibu kila kitu. Dramu ikiwa mpya ni milimita 130, ndani wameandika mwisho 131, nikapima bado ipo ndani.

Saa 7. Shuu mpya zimeingia, sasa kurudisha. Hapa ndo roho yangu huwa juu, kwa sababu ya kile chuma cha kuzuia. Nishaona pikipiki imefungwa kila kitu kikasahaulika hicho tu, mtu akikanyaga breki sahani nzima inazunguka na gurudumu, inapinda fimbo, gurudumu linajifunga mtu akiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo chuma hicho nafunga mwenyewe, pini mpya, ya zamani sirudishii hata kama inaonekana nzima. Kabla ya kukaza ekseli dogo akakanyaga pedeli akashikilia, shuu zikae katikati ya dramu, ndo nikakaza. Alama za cheni pande zote sawa.

Saa 9. Nazungusha gurudumu kwa mkono, linazunguka huru. Nimeendesha taratibu, inashika.

Saa 11 jamaa karudi. Nikamwambia siku za mwanzo asitegemee ishike kwa nguvu yote, shuu hazijakaa bado, asogee polepole na aache nafasi mbele. Nikainama nikaikagua ile pini tena, nikampa funguo.