Nilivyoifufua miksa ya zamani ya kikundi cha taarab

Kikundi kimoja cha taarab asilia hapa Unguja mjini kilikuwa na miksa ya Kiingereza, yaani mashine ya kuchanganya sauti za maiki, ya chaneli sita, imelala stoo miaka mingi. Ni ya transista tupu (vipande vidogo vya kukuza umeme wa sauti), haina valvu hata moja, zile taa za kioo za zamani, na kila chaneli ina transfoma yake ya kupokea sauti ya maiki. Wenyewe walitaka kuiuza kwa chuma chakavu. Niliwaomba wanipe nafasi. Qanuni na udi ni vyombo vya sauti ndogo, vinahitaji priampu (kikuza sauti cha mwanzo) yenye nguvu na tulivu, na maiki ya kawaida hutoa milivolti moja au mbili tu. Ili ifike mahala pa kutumika lazima ikuzwe mara elfu hivi, na mashine hii ilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa.

Nilipotoa mfuniko nilikuta transista aina ya BC109, zile za kofia ya chuma, na juu ya moja pameandikwa 7214: wiki ya 14 ya mwaka 1972. Hali yake ilikuwa ya mashine iliyokaa pwani. Kutu ya kijani imeshika miguu ya shaba, soketi zimekuwa nyeusi, ubao wa saketi umeganda vumbi la chumvi. Niliusugua kwa brashi laini na spiriti kavu, nikauacha chini ya feni mpaka ukauke kabisa. Chumvi yenye unyevu hupitisha umeme, kwa hiyo kupima ubao mchafu ni kujidanganya.

Waya wa umeme ulikuwa wa rangi za zamani za Uingereza: nyekundu ni moto, nyeusi nyutro, kijani eathi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Raba yake ilimeguka nilipoikunja, nikaweka mpya. Kisha niliiunganisha mashine kupitia globu ya wati 60, ile yenye uzi ndani, ikiwa imekaa njiani kwenye waya wa moto. Pakiwa na shoti, globu huwaka kwa nguvu zote na mashine inasalimika. Yangu iliwaka kidogo, ikafifia. Hapo nikajua transfoma kubwa ni nzima.

Mvumo ulikuwepo, mkubwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukishapita kwenye daiodi za kunyoosha, mvumo wa kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme na kuusawazisha) iliyochoka husikika kwenye hezi 100, mkali kidogo kuliko ule wa hezi 50 unaotoka kwenye eathi mbaya au waya ulio karibu na transfoma. Wangu ulikuwa wa 100. Kapasita kuu ya kuchuja ilibakia na chini ya nusu ya uwezo ulioandikwa ubavuni. Niliibadilisha kwa yenye mikrofaradi zile zile na volti za juu zaidi, inayostahimili joto la digrii 105 badala ya 85 kwa sababu ya joto letu, na mvumo ukaondoka. Kuna mafundi hukata waya wa eathi ili mvumo unyamaze. Msifanye hivyo hata siku moja. Mwimbaji anashika maiki ya chuma, pengine amesimama juu ya sakafu yenye maji.

Kilichonipa kazi zaidi ni mkwaruzo wa volyumu. Kila ukizungusha, spika zinalia kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Dawa ya kila mtu ni kupuliza spirei, na kweli chaneli mbili zilipona kwa spirei. Nyengine zilikwaruza vile vile. Niliweka mita kwenye volyumu, upande wa umeme wa moja kwa moja (DC), bila maiki, nikakuta volti zinapita pahala ambapo panatakiwa pawe sifuri. Kapasita ndogo inayounganisha hatua moja ya kukuza sauti na nyengine, ambayo hutakiwa kuzuia umeme huo, ilikuwa inavujisha, na volyumu yenye umeme huo hukwaruza hata ikiwa mpya kutoka dukani. Nilibadilisha kapasita hizo tu, zilizofeli kwenye kipimo. Sikuona sababu ya kung'oa zilizo nzima: kila ukilehemu ubao wa zamani, vijia vya shaba vinaweza kunyanyuka.

Chaneli ya tatu ilikuwa na mvuvumo wa juu juu hata volyumu ikiwa imefungwa nusu. Transista ya mwanzo ndiyo iliyochakaa. Niliweka transista nyengine, BC549C. Ukiibadilisha, angalia miguu yake mitatu, yaani emita, bezi na kolekta: kwenye BC109 kile kijino cha kofia kipo upande wa emita, na kwenye BC549, ukiutazama ubapa wake miguu ikiwa chini, mpangilio kutoka kushoto ni kolekta, bezi, emita.

Transfoma za maiki sikuzipima kwa mita ya ohmu, kwa sababu mita hiyo hupeleka umeme wa moja kwa moja na kiini chembamba kinaweza kubaki na usumaku. Nilizijaribu kwa maiki na masikio.

Mzee mpiga fidla alikuja kusikiliza. Alipiga kidogo, akasimama, akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo ile ile yetu?" Nikamwambia, "Ndiyo, Maalim, ile ile." Akaomba aanze tena, safari hii na maiki imesogezwa nyuma kidogo, na alikuwa sahihi. Uta ulisikika wenyewe, bila ule ukali wa karibu.

Sasa inakaa kabatini na pakiti za kunyonya unyevu, na nimewaomba waiwashe saa moja kila mwezi, maana kapasita za aina hii huharibika zikikaa bila umeme. Chaneli ya sita nimeifunga. Waya wa ndani wa transfoma yake umekatika, na bado natafuta fundi wa kuisokota upya.