Nilivyoisikiliza Phaedra hadi mwisho

Mpwa wangu alinijazia flashi muziki wa kila aina, na humo ndani ikawemo Phaedra, albamu ya kundi la Tangerine Dream la Berlin. "Mjomba, hii itakufaa wewe fundi," aliniambia. Mara tatu niliianza na mara tatu nikaiacha njiani. Kibao cha kwanza peke yake kinapita dakika 17, hakina mwimbaji wala ngoma. Urefu haukunitisha, maana nimekulia nyumba ya taarabu, na wimbo wa robo saa kwetu si ajabu. Ila kwenye taarabu nina maneno ya kushika: nangoja ubeti unaofuata, nangoja fumbo lifumbuke. Hapa sikujua ningoje nini.

Kilichonifungulia mlango ni kazi yangu. Natengeneza redio, na siku hiyo nilikuwa na redio ya mbao ya mzee mmoja anayelalamika kwamba ikishawaka nusu saa inahama stesheni yenyewe. Ugonjwa huo naujua. Vipuri vikipata joto, osileta, yaani sehemu inayoshikilia masafa ya stesheni, husogea, na stesheni nayo inateleza. Albamu ilikuwa inacheza kwenye spika ya dukani, chuma cha lehemu kiko mkononi, mara sikio likanasa kitu: ile besi iliyokuwa ikizunguka ilikuwa imesogea. Kidogo tu, kama uzi wa gitaa unapoanza kulegea. Nikaweka chuma chini, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kweli imesogea.

Nikaanza kusoma habari zake. Wanakundi watatu, Edgar Froese, Christopher Franke na Peter Baumann, walirekodi mwishoni mwa 1973 katika studio ya Manor, Oxfordshire, Uingereza, na albamu ikatoka Februari 1974. Sinthesaiza yao ya Moog, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, haikuwa na kumbukumbu yoyote. Kila siku waliiweka sawa kwa mkono, kazi ya masaa. Na ikipata joto, sauti inahama. Ugonjwa uleule wa redio ya mzee wangu! Wao waliuacha kwenye rekodi, nami nawashukuru, kwa sababu bila huo nisingeingia.

Inayozungusha hiyo besi ni sikwensa, na Franke ndiye aliyekuwa bingwa wake. Usiiwazie kama kompyuta. Sikwensa ya Moog ya wakati ule ni safu ya hatua nane, kila hatua ina vifundo vyake. Ukikizungusha kifundo unabadilisha volti, na volti ndiyo inayoamua sauti ipande au ishuke. Mashine inapita hatua moja baada ya nyingine, ikifika mwisho inarudi mwanzo, na mpigaji anaweza kugusa vifundo huku inakimbia. Kwa hiyo unachokisikia ni mkono wa mtu ukibadilisha noti moja ndani ya mzunguko, halafu nyingine.

Tangu hapo nikawa na cha kungoja. Usiku, baada ya kufunga duka, nilivaa hedifoni (spika ya simu inaua besi yote, usijaribu) nikaifuata besi tu, mengine nikayaacha yapite. Mwanzo ni ukungu mtupu wa sauti. Besi ikaja taratibu, ikashika kasi. Nilijaribu kuhesabu noti zake nikapotea, nikaanza tena, nikapotea, na kila nilipopotea niligundua kuna noti imebadilishwa. Dakika zilienda bila mimi kutazama saa.

Kisha besi ikayeyuka. Hapo ndipo nilipokuwa nikikata tamaa zamani. Safari hii nilikaa, ikaja Meloturoni, kinanda ambacho chini ya kila kitufe kuna utepe uliorekodiwa ala halisi. Sauti zake zina mkwaruzo wa kanda, zinapanda pole pole kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Baada ya mbio zote zile, kifua changu kilishuka pamoja nazo, na macho yakanilenga machozi. Sikuwa nimetegemea hilo kutoka kwa waya na volti.

Karibu na mwisho nikasikia watoto wanacheza kwa mbali. Nikavua hedifoni nikafungua dirisha, nikidhani ni wa mtaani. Saa sita usiku, uchochoro mweupe, hakuna mtu. Nikavaa tena haraka, niwawahi kabla hawajaisha.