Nilivyovipata vitabu vyote saba vya Bwana Msa, vyote vya mtumba

Nimeulizwa sana hili swali, kwamba vitabu vya Bwana Msa nilivitoa wapi vyote saba, maana ukiingia duka la vitabu leo ukamtaja wanakuletea vya shule na vya namna ya kuwa tajiri. Sasa naandika yote hapa, na jibu langu kwa kifupi ni kwamba nilifuata vilipochapwa. Watu wote walikuwa wananiambia nenda Unguja, mwandishi ni wa Unguja, visa ni vya Unguja, kumbe vitabu vyenyewe vingi vilitokea Nairobi na kimoja London.

Kwa ambaye hamjui, Bwana Msa ni mpelelezi aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918, alikuwa bwana afya kwanza kisha akaingia kwenye uhariri wa magazeti, jarida la Mkulima kahariri yeye. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, kitabu kikatoka 1960. Baada ya hapo kikaja Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, halafu kimya mpaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa. Hiyo miaka ishikeni vizuri, ndiyo iliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Sisi tunaopenda hizi riwaya tuna kijiwe chetu Magomeni, jioni za Jumamosi, kahawa na kashata, na ugomvi wetu ni uleule kila wiki nani mkali zaidi. Kuna mzee wetu mmoja fundi cherehani, yeye ni Willy Gamba tu, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, humwambii kitu. Hoja yake naiheshimu kwa kweli, anasema Musiba alipoandika Kufa na Kupona, siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar, Willy anatumwa Nairobi kuzifuata, msomaji wa 1974 alikuwa hasomi ndoto, Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, ilikuwa hapahapa mjini, wapigania uhuru tulikuwa tunapishana nao barabarani, kwa hiyo ukisoma unaangalia nyuma. Kuna dada yetu mmoja nesi yeye ni Joram Kiango wa Ben Mtobwa, anasema Mtobwa ndiye aliyejua kuuandika usiku wa Dar na kwamba Nuru, yule mwenzake wa kike, anamtosha Joram kwa akili na wakati mwingine anamzidi. Mimi nipo kwa Bwana Msa. Willy anapiga watu, Joram anawahi watu, Bwana Msa anakaa na kiko chake anawasikiliza watu mpaka wanajichanganya wenyewe, Spekta Seif wa polisi anahangaika na ushahidi, rafiki yake Najum anashangaa, na wewe msomaji unashangaa naye. Wapo wanaosema ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London, kavishwa kanzu. Kiko cha kuvuta sawa, rafiki wa kushangaa pembeni sawa, hayo nakubali. Lakini mafumbo ya Muhammed Said ni ya nasaba, ndoa na urithi, nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani kwa siri, na hilo haliwezi kutoka London, hilo limetoka kwenye mabaraza ya Unguja ambako watu wanajuana mpaka babu wa babu na bado kuna siri.

Basi nikaanza kuvitafuta. Kwanza wauza vitabu wa barabarani, mitaa ya Posta, wale wanaotandika turubai chini. Ukifika usiseme natafuta riwaya ya upelelezi, atakupa riwaya ya Kimarekani yenye bastola kwenye kava. Taja mpelelezi. Ukisema Willy Gamba au Joram Kiango muuzaji anaamka, kwa sababu wateja wake wazee wanavitaja hivyo, majina ya vitabu wameshayasahau. Nikawa nachukua namba ya simu ya kila muuzaji na kumwachia yangu, na hili lilinifaa sana 2021 wamachinga walipohamishwa barabarani, maana wengine waliishia masokoni, wengine wakaacha biashara kabisa, asiye na namba zao akawa amewapoteza.

Mmoja wao kijana wa pale ndiye aliyenifungua macho kuhusu karanga. Akaniambia, "Dada, ukichelewa wiki moja tu hicho kitabu ni cha muuza karanga." Nikamuuliza kivipi, akanieleza kwamba mtu akifariki au familia ikihama, makaratasi yote yanakusanywa kwenye viroba yanauzwa kwa kilo, na anayenunua kwa kilo hachagui, daftari, gazeti, riwaya, vyote vinachanwa vinakuwa vya kufungia. Kuanzia siku hiyo nikawa nawapitia na wanunuzi wa makaratasi ya kilo, nawaomba kwa heshima wanitengee chochote chenye kava laini na umbo dogo, nitawalipa zaidi ya bei ya kilo. Duniani Kuna Watu nilikipata hivyo, kipo ndani ya kiroba kati ya daftari za darasa la sita, kava limeliwa na mende pembeni ila ndani kizima. Nilimpa yule baba elfu tano akaniangalia kama nimekosea hesabu.

Sasa kuhusu uzima wa kitabu, hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu riwaya ya upelelezi siyo kama kitabu kingine. Kitabu cha mashairi kikikosa kurasa kumi bado unacho kitabu. Hii ikikosa kurasa sita za mwisho huna kitu, na kurasa za mwisho ndizo za kwanza kutoka kwa sababu gundi ya zamani ikikauka inaachia kuanzia nje. Lakini ukizikagua mwenyewe macho yanadaka jina la muuaji, umejiharibia. Mimi nampa muuzaji. Namwambia kaka fungua wewe mwishoni, niambie ukurasa wa mwisho una namba gani, sentensi imeisha na nukta au imekatika katikati, na kabla yake namba zimefuatana? Wakati huo mimi nimeangalia pembeni. Wanacheka lakini wanafanya, na wawili watatu wameshazoea, wananipigia simu wanasema dada kipo, mwisho upo, nimeshahesabu. Katikati nakagua mwenyewe kwa namba tu, nafunika maneno kwa kiganja naacha kona ya ukurasa. Vitabu hivi vimekunjwa kwa mafungu, kwa hiyo kikipotea kitu haupotei ukurasa mmoja, linapotea fungu zima, unatoka 48 unaingia 65.

Hiyo Dar ilinipa viwili, Duniani Kuna Watu na Mzimu wa Watu wa Kale. Unguja nilienda, nikapata ukarimu mwingi na hadithi nyingi, bibi mmoja Mji Mkongwe akanisimulia Siri ya Sifuri nzima kwa kichwa kwa jinsi alivyokipenda, nikamzuia kabla ya mwisho, "Bibi nakuomba sana usimalizie." Akanijibu, "Haya mwanangu, kakitafute basi." Kitabu chenyewe alikiazimisha zamani hakikurudi.

Ndipo nikakaa chini na ile miaka na majina ya wachapishaji. Mzimu ni wa East African Literature Bureau, shirika la Afrika Mashariki yote, Jumuiya ilipovunjika 1977 upande wa Nairobi ndio ukawa Kenya Literature Bureau na vitabu vikabaki huko. Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri ni East African Publishing House, Nairobi vilevile. Kisima cha Giningi ni Evans Brothers, London. Kwa hiyo stoo ilikuwa Nairobi, maduka ya kwanza kuvipata yalikuwa ya Nairobi, na nadhani walimu wa Kenya ndio walionunua kwa wingi. Nilipoliona hilo nikaacha kuzunguka kisiwani nikageukia Nairobi.

Nairobi wana zile bookshop za kuinama, vitabu vimepangwa chini barabarani kwenye magunia, mteja anainama ndiyo maana zinaitwa hivyo. Nina rafiki anafanya kazi kule nikamtumia orodha na picha za kava, nikamfundisha na ule ukaguzi wa mwisho, na akawa anapita jioni akitoka kazini. Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa vyote vimetoka huko, kwa nyakati tofauti, kila kimoja kimefungwa gazeti na selotepu kikaja na basi la Nairobi, nikaenda kuchukua kituoni kama kifurushi cha nguo. Nauli ya kifurushi wakati mwingine ilizidi bei ya kitabu. Sikujali hata kidogo. Siri ya Sifuri nilikisomea palepale kituoni nimekaa kwenye benchi, daladala zinapita, nilitaka kujua bibi wa Mji Mkongwe alikuwa ananificha nini, na nilipomaliza nikampigia, tukaongea mpaka salio likakata.

Kisima cha Giningi mkaidi sana. Kilikuja kupatikana kupitia dada mmoja wa Unguja ambaye ndugu zake wapo Uingereza, kule vitabu vya mtumba vinauzwa mtandaoni, akawaagiza watafute kwa jina la mchapishaji na mwaka, maana wauzaji wa kule Kiswahili hawakijui, jina la kitabu wanaliandika ovyo, unaweza kutafuta kwa jina sahihi usikione wakati kipo. Kikaja kwenye begi la mtu aliyekuwa anarudi kula Idi nyumbani. Safi kabisa, kina mhuri wa maktaba fulani ya kule na mwingine juu yake wa kuonyesha kimeondolewa kihalali. Hilo nalo angalieni, kitabu chenye mhuri wa shule au maktaba yetu bila alama ya kuondolewa mimi sinunui, nampigia mwenye maktaba.

Cha saba, Kosa la Bwana Msa, kilikuwa Tanga kwa mwalimu mstaafu. Kilitoka 1984, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, hata karatasi ya kuchapia ilikuwa ya shida, na nadhani ndiyo sababu vitabu vya kipindi kile havionekani sana na vikionekana kurasa zake zimekuwa za kahawia, ukikunja kona inakatika. Nilielekezwa na mtu wa kijiweni aliyewahi kufundishwa naye. Nikampigia, shikamoo mwalimu, marahaba, nikajieleza, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Wewe katika vyote ulivyosoma, kipi ulimjua muuaji mapema?" Nikamjibu ukweli, hakuna. Akasema njoo.

Kitabu chake kile kimejaa penseli. Pembeni mwa kurasa kaandika herufi ndogo ndogo nadhifu za mwalimu, mtu anayemshuku na sababu, huku mbele kamkata kwa mstari kaandika "si huyu", kurasa chache mbele kamrudisha tena, "au ndiye?" Ndani ya kava la nyuma kuna orodha ya majina na alama za vyema na mkasi kama anasahihisha mtihani. Alikataa hela. Alitaka riwaya yoyote ya Mtobwa kwa sababu zake ziliazimwa na wanafunzi zikaishia hukohuko, na mimi Tutarudi na Roho Zetu? ninayo nakala mbili, nikampa iliyo nzima zaidi. Na akaniomba nisifute penseli. Nitaifutaje jamani, mimi nilisoma nikibishana naye ukurasa kwa ukurasa, kuna mahali alikuwa sahihi na mimi sikuona.

Mkikuta nakala ya pili ya kitabu nunueni, ndiyo pesa yetu sisi ya kubadilishana, huwezi kumshawishi mwenye kitabu adimu kwa elfu ishirini lakini kwa kitabu anachokikumbuka tangu ujana anakupa. Na vikifika nyumbani msipige selotepu kwenye kurasa, inageuka njano na inakula maandishi, tumieni gundi nyeupe kidogo kwenye mgongo kisha mkiweke chini ya vitu vizito usiku mzima. Kwa joto na unyevu wa Dar usiviegemeze ukutani, mchwa wanaanzia ukutani.

Sasa hivi natafuta Simu ya Kifo ya Katalambulla, nataka ile ya mwanzo ya 1965, na Ndoto ya Mwendawazimu ya Eddie Ganzel hali yoyote ile ilimradi mwisho upo. Mkononi nina Njama ya Musiba mbili, moja haina kava, Kikosi cha Kisasi moja ya ziada, na Duniani Kuna Watu ya pili ambayo rafiki wa Nairobi alinitumia wiki iliyopita, hii imekosa ukurasa wa kichwa tu, hadithi nzima ipo, nimeshahesabiwa.