Ufa wa Jino Usioonekana kwa Eksirei

Hapa Nairobi, ambako mahindi ya kuchoma hupendwa na mifupa ya nyama choma haiachwi, magego yetu hubeba kazi nzito, nami husikitika kila nisikiapo mtu akiambiwa jino lake ni zima kwa sababu tu picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Ufa mwembamba mara nyingi hauonekani kwenye picha hiyo. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla mtu anapouma, na hasa anapoachia, pamoja na jino kushtushwa na maji baridi. Daktari makini humwomba mgonjwa aume kijiti kwa kila ncha ya gego, moja baada ya nyingine, humulika jino kwa taa kali ambayo mwanga wake hukatika penye ufa, kisha hupima ufizi, kwa kuwa mfuko, yaani mwanya kati ya ufizi na jino, ulio mwembamba na wenye kina upande mmoja wa jino huweza kuashiria kwamba ufa umeingia mzizini. Jino, tofauti na mfupa, haliungi lenyewe. Kwa hiyo huvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, ili lisizidi kupasuka. Kiini, yaani sehemu laini ya ndani ya jino yenye neva, kikiwa kimeathirika, mifereji ya mzizi husafishwa na kuzibwa kwanza. Lililogawanyika hadi mzizini kwa kawaida hung'olewa.