Marehemu Hayumo Kwenye Kompyuta

Mwaka 2006 nilipelekwa fildi kwenye masijala ya ofisi moja ya ardhi, katika mji wa pwani ambao sitautaja. Nilikuwa mwaka wa kwanza Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, Bagamoyo, na somo lililokuwa limenikaa kichwani kuliko yote lilikuwa lile la utangulizi wa sayansi ya habari.

Mwalimu wetu hakulianza somo hilo na kompyuta. Alianza na Charles Cutter, mkutubi wa Marekani aliyeandika mwaka 1876 kwamba katalogi ipo ili mtu akipate kitabu akijua mwandishi wake, au jina la kitabu, au kinahusu nini. Kisha akatuuliza: na anayelijua jina kwa kulisikia tu, asiyejua liliandikwaje? Ndipo alipotuletea Soundex, mfumo uliosajiliwa Marekani mwaka 1918, ambao Wamarekani waliutumia kutafutia watu kwenye kumbukumbu za sensa. Herufi ya kwanza inabaki, irabu zinatupwa pamoja na h, w na y, na konsonanti zinazokaribiana sauti zinapewa tarakimu moja.

Tuliujaribu kwa majina ya kwetu, kwa penseli, dawati kwa dawati. Mohamedi na Muhammad wakatoka wote M530, darasa likashangilia. Hamisi akatoka H520, Khamis akatoka K520, kelele zikapungua. Athumani akawa A355, Othmani akawa O355, Osmani akawa O255. Watu watatu kwa jina moja! Mfumo uliotungwa kwa majina ya Kizungu unaiamini mno herufi ya kwanza, na kwetu pwani mara nyingi hiyo hiyo ndiyo inayoyumba.

Nilikuwa na daftari lenye hesabu hizo mezani siku aliyokuja yule bibi.

Alikuwa amevaa baibui iliyofifia, na mkononi ameshika barua ya Mahakama ya Mwanzo iliyomteua msimamizi wa mirathi ya mumewe. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Shida yake ilikuwa moja: kuna mtu ameanza kumwaga mawe kwenye kiwanja cha marehemu, na yeye hana karatasi ya kumwonyesha. Ofa, yaani barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, ililoa kwenye mvua za El Niño za 1997 ikaoza ndani ya sanduku. Namba ya kiwanja haikumbuki. Mtaa anaujua, mnazi wa mpakani anaujua, jirani wa kila upande anamjua.

Karani akaandika jina la marehemu kama lilivyo kwenye barua ya mahakama, Athumani, na la baba yake, akabonyeza. Kioo kikabaki cheupe.

"Hayumo, mama."

"Hayumo vipi, mwanangu? Kodi ya kiwanja alikuwa akilipa humu humu."

"Kwenye kompyuta hayumo. Kama hayumo, basi kiwanja hakikuwa chake."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichoma, na hata leo sijaizoea. Kioo kilisema tu kwamba herufi zile, kwa mpangilio ule, hazikuonekana. Kumnyima mtu kiwanja kwa ushahidi huo ni dhuluma, hata kama aliyeitamka hakukusudia ubaya.

Nikamwomba karani ajaribu Othmani, kisha Uthmani. Hakuna. Nikamuuliza, kabla ya kompyuta mlikuwa mnatafutaje? Akanionyesha chini ya ngazi. Kulikuwa na makasha ya mbao yenye kadi, yamerundikwa pamoja na viti vibovu. Vijana waliokodiwa kuingiza majalada kwenye kompyuta walinakili majina yaliyokuwa juu ya majalada, kadi wakaziacha, maana waliziona ni marudio ya kitu kile kile.

Hazikuwa marudio. Karani wa zamani, mzee aliyekwisha kustaafu nisiyewahi kumwona, alikuwa ameweka kadi za kuelekeza katikati ya zile za kawaida, kwa wino mwekundu. Kwenye A nikaikuta: ATHUMANI, tazama pia OTHMANI, UTHMANI, OSMANI. Kwenye HAMISI, tazama KHAMIS. Kwenye HALIMA, tazama ALIMA. Yule mzee alikuwa amewasikiliza watu wa mji wake kwa miaka, akajua wakija dirishani watatamka nini, akaacha njia ya kuwafikisha kwenye jalada. Ujuzi wote ule ulikuwa umepigwa teke chini ya ngazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuona kuwa ni habari.

Marehemu alikuwa kwenye OSMANI. Jina la baba nalo lilikosa herufi moja. Namba ya jalada ilikuwepo, kitalu kilikuwepo.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba, kamba imekauka, limeliwa na mende kwenye kona. Ndani mlikuwa na nakala ya ofa ya mwaka 1974, na chini yake maombi ya kiwanja. Karani wa enzi hizo alikuwa amepiga chapa jina kama alivyolisikia, Osmani. Lakini mwombaji alitia saini mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa pwani waliosoma chuo cha Kurani kabla ya kuona darasa. Nikamgeuzia bibi karatasi.

"Hii khati yake," akasema papo hapo. "Hii 'ain yake hii, akiivuta hivi." 'Ain ndiyo herufi inayoanza jina hilo kwa Kiarabu.

Yeye herufi za Kilatini hakusoma. Kati yetu wote mle chumbani, ndiye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kuthibitisha kumbukumbu ile, na dakika chache kabla tulikuwa tunamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Afisa ardhi alipoitwa alilisoma jalada lote akiwa amesimama. Akaandika barua ya kusimamisha ujenzi siku ile ile, akampa bibi nakala yenye mhuri, na kumwelekeza alete kiapo kwamba Osmani na Athumani ni mtu mmoja. (Kiapo hicho kingali kinawasumbua watu: muulize yeyote aliye Hamisi kwenye cheti cha shule na Khamis kwenye kitambulisho cha Taifa.)

Mimi nikapangiwa kazi ya kuingiza kadi nyekundu kwenye kompyuta. Tuliongeza safu ya majina mengine kando ya jina la jalada, na karani yule yule ndiye aliyenisomea kadi huku nikiandika. Afisa akabandika tangazo dirishani kwa mkono wake: mwananchi asiambiwe hayumo kabla kadi hazijatazamwa.