Jiwe la Pongwe lililosagwa usiku kucha

Mgogoro ulitokana na vilele viwili vidogo kwenye chati ya eksirei, ambayo kila madini huonyesha vilele kwenye pembe zake, kimoja pembe ya nyuzi 26.2, kingine ubavuni mwake nyuzi 27.2. Jiwe lilikuwa la chokaa, limetoka Pongwe, Tanga, na tulitarajia kilele kirefu cha kalsiti pale 29.4. Vile viwili ni vya aragoniti, ambayo ni kaboneti ya kalsiamu sawa na kalsiti, ila fuwele zake zimepangika kwa umbo jingine. Mnunuzi akahukumu papo hapo: mzee aliyeleta mzigo amechanganya matumbawe ya pwani.

Shutuma ilikuwa nzito. Matumbawe mabichi ni aragoniti kweli, tena huja na chumvi ya bahari, na kloridi zake hugandisha unga kwenye njia za tanuri la saruji mpaka zinaziba. Lakini jiwe la Pongwe na Amboni ni la enzi ya Jura, zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Aragoniti iliyokuwamo iligeuka kalsiti zamani. "Mwanangu, gari langu halijawahi kukanyaga mchanga wa bahari," mzee aliniambia, na nilimwamini. Ila kumwamini mtu hakutoshi kwenye ripoti.

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye daftari la kinu. Sampuli ilisagwa kavu, kwa gololi za chuma, usiku kucha. Gololi mbili zinapobana chembe, pale zinapogusana shinikizo hupanda sana kwa kitambo kidogo, na chembe hukwaruzwa kwa upande pia. Kalsiti ina uzito wa gramu 2.71 kwa sentimita moja ya ujazo, aragoniti 2.93. Ukiibana, kalsiti huelekea kwenye umbo lililosongamana zaidi, ambamo kila kalsiamu huzungukwa na oksijeni 9 badala ya 6. Wanasayansi Burns na Bredig walilieleza jambo hili mwaka 1956, na mimi naona kila maabara ya chokaa ingelibandika ukutani.

Ilibaki kuthibitisha. Mwenzangu alishauri tuuchome unga ule kwa nyuzi joto 500. Aragoniti ingerudi kuwa kalsiti, sawa, lakini ya matumbawe nayo ingerudi vilevile, kwa hiyo tusingejua kitu. Tukachukua kibonge kilichobaki cha jiwe lile lile, tukakisaga kwa mkono ndani ya spiriti, dakika chache tu, hadi unga upite kwenye chekeche. Spiriti hupunguza msuguano na joto.

Unga huo na ule wa usiku tukauchemsha kila mmoja kwenye neli yake, ndani ya maji ya nitrati ya kobalti, ambayo huipa aragoniti rangi ya zambarau upesi na kuiacha kalsiti nyeupe. Ule wa usiku ulianza kushika zambarau. Wa kibonge ulibaki mweupe kama ulivyoingia. Hapa lazima uwe macho: ukizidisha kuchemsha, kalsiti nayo hupata rangi, na unga laini mno huwahi kuipata. Ndiyo maana hatukuishia kwenye neli. Eksirei ya unga wa kibonge ilionyesha 29.4 bila vile viwili. Kisha tukasuuza unga wa usiku kwa maji safi, tukayachuja, tukadondoshea nitrati ya fedha. Kama kuna chumvi ya bahari, maji hugeuka meupe kama maziwa. Yalibaki angavu.

Mzigo wa mzee ulipokelewa mchana ule. Kwenye fomu ya sampuli tukaongeza safu tatu: aina ya kinu, kavu au kwa spiriti, na dakika za kusaga.